Gari la Tatu na Magunia Hamsini

Kasilda alijua kuwa gari limeuzwa tangu Ijumaa asubuhi, sokoni, wakati anachagua nyanya. Mwenye genge alimwambia kwa furaha, kama anayetoa habari ya harusi: "Mama Dorice, lile gari lenu la jeshi limepata mtu. Mtu wa skrepa. Wanakuja kulikata." Kasilda alilipa, akaziacha nyanya mezani, akaitwa azifuate, akazichukua, akafika nazo nyumbani Misunkumilo bila kukumbuka njia aliyopita.

Siku ile yote hakumwambia mumewe. Jumamosi Sylvanus alibeba ndoo na tambara akaenda kuliosha gari, kama alivyofanya kila Jumamosi kwa miaka thelathini na mitano. Kasilda alisimama mlangoni akimwangalia anavyokwenda, mguu wa kushoto ukiburuza kidogo vumbi la Agosti, mpaka akapotea nyuma ya migomba ya jirani. Alijiambia kuwa atamwambia akirudi. Lakini habari ya kuuzwa gari haikuwa ndiyo iliyomkaba. Nyuma yake kulikuwa na nyingine, ya miaka thelathini na mitano, ambayo sasa ilikuwa imebakiwa na siku chache.

Gari lenyewe halikuwa lao. Lilikaa kwenye yadi ya zamani ya ushirika, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, katikati ya majani ambayo Sylvanus aliyafyeka mwenyewe kila baada ya mvua. Tairi zilikuwa zimeoza na kukaa chini, rangi ya kijani imechujuka ikawa kama majivu, lakini vioo vilikuwa safi kuliko vya magari yanayotembea. Mtu yeyote aliyesimama kuuliza, Sylvanus aliacha tambara na kuanza kumweleza.

Magari ya majaribio yalikuwa matatu, alieleza. Yalitengenezwa na mafundi wa hapa hapa nchini, katika karakana moja ya jeshi kule pwani, wakati ambao watu waliamini kuwa nchi inaweza kujijengea lori lake la mizigo. La kwanza waliligonga na kulipindua makusudi ili wajue mwisho wake. La pili alisikia limesimamishwa mahali fulani kama pambo, halina injini, watu wanapigia picha. La tatu ndilo hili.

Aliyelichora alikuwa Kapteni Malale, Msukuma mwembamba aliyekuwa na tabia ya kuchora hata juu ya mavumbi ya boneti. Kila kitu alikifikiria kwa ajili ya barabara kama za Katavi. Kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili bapa, kwa sababu kioo kilichopinda huagizwa ng'ambo, lakini kioo bapa fundi wa madirisha wa Mpanda anakikata akiwa kibarazani kwake. Bolti za gari zima zilikuwa za saizi tatu, ili dereva aliyekwama porini asihitaji zaidi ya spana tatu. Mabati ya kabini yalikunjwa kwa mkono, kona kali, ndiyo maana gari lilikuwa na sura ya sanduku la nguo. Bomba la hewa lilipanda mpaka juu ya paa, lori livuke mto bila injini kunywa maji. Kuta za bodi ukizilaza zinakuwa mabenchi ya askari.

Hapo ndipo Sylvanus alipokuwa akinyamaza, na Kasilda, kila alipokuwepo, aliangalia pembeni. Kwa sababu kilichofuata kilikuwa fremu. Karakana haikuwa na mashine ya kukunja reli ndefu ya kipande kimoja, kwa hiyo kila reli iliungwa, nyuma kidogo ya kabini. Maungio yale mawili aliyachomelea Sylvanus. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na Kapteni Malale alikataa mtu mwingine kuyagusa.

Jumamosi ile alichelewa kurudi. Kasilda alipoona jua limevuka paa alifunga kanga akamfuata. Alimkuta amesimama wima kando ya gari, mikono ubavuni, ndoo miguuni. Mbele yake walikuwa wanaume wawili: mmoja wa miaka arobaini hivi, mwenye kofia na bahasha, na mwingine aliyeegemea pikipiki.

"Shikamoo mama," alisema mwenye bahasha. "Mimi Yunus. Mtu wa Ikola, kule ziwani, lakini dagaa nimewaachia wenyewe, siku hizi ni chuma chakavu. Huyu ni Mwandu, fundi wangu wa gesi. Namwelewesha mzee hapa."

"Nimeshaelewa," alisema Sylvanus. "Mnada umepita, mhuri upo, sahihi zipo. Mwenye mali ameamua."

"Watu waliniambia mzee mkali, atakutoa na panga."

"Kwa lipi? Niliambiwa nililinde mpaka waje. Umekuja wewe na karatasi yao." Alijinyoosha zaidi. "Nakukabidhi. Gari moja. Spana tatu, ziko chini ya kiti. Jeki moja. Betri hakuna, iliibwa mwaka elfu mbili na mbili, niliripoti."

Yunus alitaka kucheka. Alimtazama mzee usoni, kicheko kikaishia kooni. "Nimepokea, Afande," alisema.

"Nina ombi moja. Pale nyuma ya kabini fremu imefungwa mabamba mawili, moja kila upande. Kabla hamjawasha gesi, nifungulieni bamba la kulia. Nataka kuona chini yake."

"Kuna nini?"

"Kuna kazi yangu."

Yunus alimwangalia Mwandu, Mwandu akainua mabega. "Jumanne asubuhi," alisema Yunus. "Tutafungua kwanza, uone, ndipo tukate. Neno langu hilo."

Njiani kurudi Sylvanus alikuwa mwepesi, karibu mchangamfu. "Unaona, Mama Dorice? Nimeogopa bure miaka yote. Bamba lenyewe bolti sita tu."

Kasilda alikuwa akihesabu: Jumapili, Jumatatu, Jumanne.

*

Mwaka elfu moja mia tisa na tisini Kasilda alikuwa karani wa ghala la mahindi kule Mamba. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, kalamu mbili kwenye nywele, na sifa ya kutokosea kuhesabu. Mwezi wa tatu, masika yakiwa yamechacha, lori la ajabu lenye sura ya sanduku lilifika kwa kunguruma mpaka mlangoni. Kapteni Malale aliteremka, matope mpaka magotini. Alieleza kuwa wanalijaribu gari, wanataka mzigo wa kweli wa wakulima, waupeleke Mpanda kupitia Usevya na Sitalike, kwenye tope lenyewe. Mkuu wa ghala, Bwana Eustace, alifurahi mno. Mahindi yake yalikuwa yamekwama pale tangu Januari.

"Lori hili limepimwa kwa tani tano," alisema Malale. "Tano kamili. Nataka kamili, isipungue wala isizidi. Mizani iko wapi?"

Mizani ya ghala ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia.

"Basi gunia lenu ni kilo ngapi?"

Aliulizwa Kasilda, kwa sababu ndiye aliyeshika daftari. Naye alijibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa wiki ina siku ngapi: "Gunia ni kilo mia."

"Yote?"

"Yote. Gunia ni gunia, Afande."

Ndivyo alivyofundishwa. Mkulima wa Mpimbwe alipoleta mahindi alijaza gunia mpaka mdomoni, kisha akaongeza juu, akalishindilia, akafunika kwa kipande cha gunia jingine na kulishona kwa shazia na kamba ya katani, kwa sababu bila hiyo lumbesa hakuna mnunuzi aliyemtazama. Wazee walifanya hivyo, vijana wakafanya hivyo. Ghalani lilipofika, liliandikwa kilo mia, maana hicho ndicho kipimo cha gunia. Kilichokuwa ndani ya kile kichwa cha juu hakikuwa na jina wala safu kwenye daftari. Kasilda alikuwa ameandika mia, mia, mia, mara maelfu, na mkono wake haukuwahi kusita.

Malale alifanya hesabu kidoleni. Hamsini mara mia. Wabebaji wakapakia hamsini. Sylvanus, askari mwenye mikono yenye makovu madogo ya cheche, alipanda juu ya mzigo kwa kuwa kabini ilijaa. Alikaa kati ya vile vichwa vilivyoshonwa akapaza sauti: "Magunia ya kwenu yamevaa vilemba, dada karani! Yanakwenda harusini?"

Watu wote walicheka. Kapteni Malale alicheka. Kasilda alicheka kuliko wote, kwa sababu aliyesema alikuwa na sura nzuri.

Lori lilivuka udongo mweusi wa Usevya, mahali ambapo matrekta yalikuwa yamelala. Lilipita Kibaoni. Kwenye korongo moja kabla ya Sitalike, likiwa linapanda ukingo wa pili, reli ya kulia ya fremu ilikatika kwa mlio ambao dereva alisema ni kama wa risasi. Bodi ililala upande, magunia yakaporomoka, na Sylvanus akawa chini yake na nyonga iliyovunjika.

Alikaa hospitali miezi miwili. Alipotoka na magongo, gari lilikuwa limeshafungwa mabamba ya chuma juu ya mpasuko, likaburutwa mpaka yadi ya Mpanda, na ripoti ilikuwa imeandikwa: fremu imekatika kwenye mchomeleo, mzigo ukiwa ndani ya kiwango. Mradi ulikuwa tayari unatafutiwa sababu ya kufungwa, na sababu ikapatikana. Malale aliondolewa kwenye meza ya kuchorea. Sylvanus aliambiwa alilinde gari kwa wiki mbili mpaka litakapofuatwa. Halikufuatwa. Barua iliyokuja baadaye ilikuwa ya kumwachisha jeshi, na haikusema neno lolote juu ya gari.

Bamba lile hakulifungua. Mwanzoni alisema amri ni kutogusa chochote. Baadaye, walipokuwa wameoana na Dorice amezaliwa, alimwambia ukweli: "Naogopa kuangalia. Nikikuta ni mchomeleo wangu, nitafanyaje?" Na kwa kuwa hakuangalia, alijihukumu kana kwamba ameangalia. Hakushika tena mtungi wa gesi wala vijiti vya kuchomelea. Mji ulikua, kila nyumba ikataka geti na madirisha ya nondo, na mchomeleaji bora kuliko wote Mpanda aliuza mkaa, kisha akaziba pancha za baiskeli. Mteja akileta fremu iliyokatika, alimwelekeza kwa fundi mwingine.

Mwaka mmoja ilikuja barua ya Malale. Sylvanus aliisoma mara nyingi mpaka ikachanika mikunjo. Usijilaumu, ilisema, mkono wako naujua. Mchoro ulikuwa wangu, nadhani nilikosea hesabu ya chuma. Miaka michache baadaye wakasikia amefariki.

Kasilda angeweza kuzungumza siku yoyote kati ya hizo. Kwa sababu wiki moja baada ya ajali yeye na Bwana Eustace walikwenda Mpanda kukabidhi mahindi yaliyookolewa, na mizani ya Mpanda ilikuwa nzima. Alisimama pale na kalamu. La kwanza, kilo mia na arobaini na nne. La pili, mia na thelathini na tisa. Alipofika la kumi alikuwa hajaandika hata moja. Eustace alimvuta pembeni, nyuma ya gari lenyewe lililovunjika. "Unaandika mia," alisema. "Ukisema kingine, watauliza ile ziada ya miaka yote ilikuwa inakwenda wapi, na daftari lina mwandiko wako, siyo wangu. Unanielewa, binti?"

Alielewa. Akaandika mia, mara hamsini, huku kichwani akijumlisha alichokisoma kwenye mizani.

Mwanzo alinyamaza kwa kuogopa jela. Halafu, alipohamishiwa ghala la Mpanda, alianza kumpelekea uji yule askari wa magongo, kwa sababu ya kuona aibu. Aibu ikageuka kitu kingine, na siku Sylvanus alipomposa, Kasilda akajiambia atamwambia baada ya harusi. Baada ya harusi akajiambia baada ya mtoto. Siri ilivyozidi kukaa ndivyo ilivyozidi kuwa ya kutisha, mpaka ikafika mahali ambapo kosa kubwa halikuwa tena yale magunia.

*

Jumapili baada ya misa alimfuata mdogo wake Gaudensia, mtu pekee aliyelijua jambo hilo. Gaudensia alikuwa anakanda unga na hakusimama.

"Mwambie," alisema.

"Nimwambieje?"

"Kwa mdomo. Unao." Aliugeuza unga akaupiga. "Ulishindwa kumwambia akiwa na meno yote, Dada, nikaelewa. Leo ni kibogoyo, unaogopa atakung'ata?"

"Gaude, usinitanie."

"Sikutanii. Nikicheka ndivyo ninavyolia." Kisha akasema polepole: "Na chuma kikikutwa hakina kosa? Mpasuko ukiwa pembeni ya kazi yake?"

Kasilda alikuwa ameliwaza hilo tangu Jumamosi. Lilikuwa tumaini lake lote, na alilionea haya. Fremu ikiwa imekatika kando ya mchomeleo, Sylvanus atakuwa huru, na yeye hatalazimika kufungua mdomo. Chuma kitasema kwa niaba yake.

Lakini Jumatatu hofu ilimzidi akaenda kwa Yunus, akamkuta anapakia mabati. Alimwomba akate fremu pamoja na mabamba, asiyafungue.

"Mama, nimempa mzee neno."

"Mwambie bolti zimeshika kutu."

"Zimeshika, ndiyo, lakini Mwandu anazitoa." Yunus alimkazia macho. "Kuna nini pale ambacho yeye anataka kukiona na wewe hutaki? Dhahabu?"

Kasilda aligeuka akaondoka. Jioni ile alipika wali na kumwekea mumewe nyama kubwa, naye Sylvanus akala akiongea juu ya kesho, juu ya Malale, juu ya rangi ambayo mchomeleo mzuri huwa nayo ukipoa, kama shingo ya njiwa. Mara mbili Kasilda alivuta pumzi ili aanze. Mara mbili alisimama akaenda kuangalia moto.

Jumanne walifika yadi saa mbili. Mwandu alilala chini ya gari na spana, ile ile ya tatu kutoka chini ya kiti, kwa sababu za kwake hazikuingia. Bolti ya kwanza ililia. Ya pili ikakatika. Ilichukua karibu saa nzima. Sylvanus alikaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, kofia mapajani. Kasilda alisimama nyuma yake akishika ncha ya kanga.

Bamba liliposhuka, Mwandu alipangusa fremu kwa brashi ya waya na kumulika kwa simu. "Njoo uone, mzee."

Sylvanus aliingia chini kwa shida, mguu mbaya ukibaki nje. Alipitisha kidole, mara moja, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Kasilda hakuhitaji kuambiwa. Alipoinama aliuona mpasuko, mweusi, mnyoofu, ukipita katikati ya mchomeleo kama nguo iliyopasuka kwenye mshono wake.

Sylvanus alipotoka alikaa chini, mgongo kwenye tairi.

"Basi," alisema. "Ni mimi." Sauti yake haikuwa na hasira wala machozi. "Kapteni alikosea kuniandikia ile barua. Mchoro wake ulikuwa mzima."

Yunus alivua kofia. Mwandu alianza kukusanya bolti, moja moja, bila sababu.

"Siyo wewe," alisema Kasilda.

"Mama Dorice, nimeona kwa macho."

"Magunia hayakuwa kilo mia."

Akalisema lote, amesimama pale pale, mbele ya watu wawili wasiomjua. Mizani ya Mamba iliyokufa. Gunia ni gunia. Mizani ya Mpanda. Eustace nyuma ya gari. Alisema haraka, akirudia maneno, mpaka pumzi zikamwishia.

Sylvanus alimsikiliza, halafu akatabasamu. Tabasamu lile lilimuumiza kuliko ngumi. Lilikuwa la upole.

"Una huruma," alisema. "Umekaa tangu juzi unatunga hili. Nilikuona hulali."

"Sijatunga!"

"Eustace amekufa. Malale amekufa. Ushirika wenyewe umekufa. Umechagua mashahidi wazuri, mke wangu. Twende nyumbani."

"Wewe mwenyewe ni shahidi!" Kasilda alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi la mafuta. "Ulikaa juu yake. Ulitoka Mamba umekaa juu yake. Ulipopanda ulisema nini? Uliniita dada karani, ukasema nini?"

Kasilda aliona neno linamfikia kutoka mbali. Macho ya Sylvanus yalihama kutoka usoni pa mkewe yakaenda kwenye bodi tupu, yakakaa pale, kana kwamba magunia yamerudi yakajipanga.

"Vilemba," alisema.

"Ndiyo."

"Kapteni alicheka."

"Alicheka."

"Tuliyaona sote. Mtu na macho yake. Hakuna aliyesema mbona yamezidi."

"Hakuna."

Upande wa barabara pikipiki zilipita. Sylvanus aliposema tena, aliuliza kwa sauti ya fundi.

"Zilikuwa kilo ngapi? Kwa wastani."

"Mia na arobaini na mbili." Namba hiyo alikuwa ameibeba kwa miaka thelathini na mitano bila kuiandika popote.

Midomo ya Sylvanus ilicheza kwa hesabu. "Tani saba na kilo mia." Aligeuza kichwa akauegemeza mkono kwenye fremu, karibu na mpasuko. "Lilibeba tani saba. Kwenye tope la Usevya, lenyewe limepimwa kwa tano. Likapita Kibaoni." Alipiga chuma makofi mawili madogo, kama anayepiga shingo ya ng'ombe. "Malale hakujua. Amekufa anadhani hajui hesabu."

Kasilda alinyoosha mkono amguse. Yeye akauondoa wake, bila ghadhabu, kama mtu anayempisha mwingine.

"Kasilda," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina tangu Dorice azaliwe. "Mimi nilikuwa fundi."

Alishika tairi akasimama, akamwendea Mwandu, akaomba miwani na kichwa cha gesi cha kukatia. Mwandu alimtazama Yunus, Yunus akakubali. Sylvanus alifungua gesi, akasikiliza, akapunguza kidogo, akawasha. Moto ukatoka mwekundu wenye moshi, akaurekebisha mpaka ukawa mwembamba wa buluu, na kwa dakika hiyo moja mgongo wake ulikuwa mgongo wa kijana aliyeteremka Mamba. Kisha akausogeza kwenye fremu. Mstari ulianza vizuri, ukapinda, ukapinda tena, chuma kikatoka matone mabaya. Alijaribu kuukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto. Haikusaidia. Alizima, akavua miwani, akamrudishia mwenyewe.

"Mkono umesahau," alisema. "Malizia wewe, kijana."

Mwandu alikata kipande chenye mshono, kirefu kama mkono wa mtu, Yunus akasema wakichukue, hatakihesabu kwenye mizani. Sylvanus alikuwa ameshaanza kuondoka. Kwa hiyo Kasilda alikingoja kipoe, akakizungushia tambara la kuoshea gari, akakipandisha kichwani. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Alimkuta mumewe njiani, akatembea hatua thelathini nyuma yake, naye hakugeuka, hata pale kwenye migomba.

Wiki ile Sylvanus alikula alichopewa na kulala alipolala siku zote. Aliitika akiitwa. Jumamosi aliamka mapema, akajaza ndoo, akatupia tambara begani, akatoka. Kasilda alimwona anafika kwenye migomba, anasimama. Alisimama pale muda wa kutosha mtu kufika yadi na kurudi. Halafu akarudi, akayamwaga maji kidogo kidogo kwenye mashina ya maboga, akakaa kwenye ndoo tupu karibu na mlango, mahali ambapo kile kipande cha fremu kilikuwa kimeegeshwa ukutani.

"Mia na arobaini na mbili," alisema, akiangalia mikono yake.

"Ndiyo," alijibu Kasilda.

Akangoja aseme kingine. Jua lilipanda, kivuli cha paa kikafika miguuni kwao, kikapita.